Magari Mawili Juu ya Majivu

Hamido alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akaiokota, akaipangusa vumbi, akacheka tena.

"Majivu, bibi? Umesema majivu?"

"Majivu," akajibu Saquina. "Nitayatoa mimi mwenyewe. Wewe lete gari."

Walikuwa Palma, kwenye uwanja ambao Hamido huuzia magari yaliyokwisha kutumiwa na watu wengine, na gari lenyewe lilikuwa mbele yao likimetameta kama sufuria mpya. Lilikuwa la rangi ya fedha, na milango yake ya ubavuni ilifunguka kwa kuburuzwa. Ndani mlikuwa na viti laini, ubaridi wa kufungulia kwa kitufe, na kichupa cha marashi kikining'inia kwenye kioo. Mamudo, mdogo wake Saquina wa tumbo moja, alikuwa ameshalizunguka mara tatu, kila mara akilipiga kofi la mapenzi ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Dada," akanong'ona, "usituaibishe. Gari hununuliwa kwa kuangalia."

"Nimeshaliangalia. Ni zuri. Sasa nataka kulijua."

Saquina alikuwa na miaka sitini na minane na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Lakini vyungu alivijua. Alipokuwa mtoto, wafinyanzi walikuja Quionga kutoka bara, vyungu vyao vimefungwa kwa majani, na mama yake alimfundisha namna ya kuvinunua. Hukukigonga ukasikiliza mlio, maana muuzaji anajua pa kukuelekeza ugonge. Ulichekecha majivu makavu, ukayatandaza chini, ukakijaza chungu maji, ukakiweka juu yake, ukaenda zako shambani. Ukirudi, majivu yamekwisha kusema. Ufa mwembamba kama unywele, ambao jicho haliuoni na kidole hakiusikii, huacha doa jeusi kwenye majivu. Mfinyanzi mkweli alingoja bila kununa, akapewa muhogo akala. Yule mwingine sikuzote alikuwa na haraka ya kuwahi kijiji cha pili.

"Bibi yangu," Hamido akasema, sasa kwa upole wa kumwonea mtu huruma, "gari si chungu."

"Najua si chungu. Chungu kikivuja nakosa mchuzi."

Hamido akaacha mzaha, kwa sababu kila mtu kuanzia Palma mpaka mtoni Rovuma alijua habari ya Zuleica.

Zuleica alikuwa mjukuu wa Saquina, na Saquina ndiye aliyemlea. Mwaka juzi, wakati wa mvua, uchungu ulimshika wakampakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali ya Palma, bibi nyuma kwenye pikipiki ya pili. Pale bondeni penye kalvati lililovunjika, pikipiki ya mbele ilizima na haikuwaka tena, na ile ya pili haikuweza kupanda utelezi ikiwa na watu watatu. Gari moja lilipita, halikusimama. Zuleica akajifungulia kando ya barabara, kichwa chake kwenye mapaja ya bibi yake. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Sasa Zuleica alikuwa na mimba ya miezi saba, na mvua zilikuwa njiani. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa amesema neno moja tu, siku moja walipokuwa wakikuna nazi: "Bibi, mimi sipiti tena pale nikiwa juu ya kitu kinachozima."

Kwa hiyo wanawake kumi na wanane wa Quionga, waliokuwa wakikamua mafuta ya nazi na kusuka mikeka kwa pamoja tangu waliporudi kutoka ukimbizini, walikata shauri kwamba walichochanga kitanunua gari la kuwapeleka wajawazito na wagonjwa hospitali. Wanaume wengi walicheka, wengine wakanuna. Saquina alitumwa kuchagua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuzia kitu kibovu.

Hakuja peke yake. Alikuja na Nélia, mwanamke wa Kimakonde aliyeolewa Quionga, ambaye kabla ya vita kufika Palma aliendesha malori ya kumwaga mchanga kwenye kazi za gesi. Alikuwa na carta, leseni ya magari makubwa, ameiweka ndani ya plastiki kama picha ya harusi.

"Na huyu binti ndiye fundi wenu?" Hamido akauliza.

"Si fundi, ni dereva," Nélia akasema. "Fundi huletewa gari likiwa limeshakufa. Mimi ndiye ninayekaa nalo porini likifa."

Saquina akataja masharti yake, pole pole kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Gari litatoka hapa mpaka Quionga, Nélia akiendesha na yeye akiwa amelala nyuma, kama atakavyolala mgonjwa. Pale penye kalvati litazimwa, watangoja, litawashwa. Kisha litalala uani kwake juu ya majivu, na kukaa hapo mpaka adhuhuri ya siku ya pili. "Na lile lingine litafanyiwa vivyo hivyo."

"Lingine lipi?"

"Lipo Olumbi."

"Gari langu haliondoki hapa bila kununuliwa," Hamido akasema.

"Basi likae salama." Saquina akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Hakugeuka nyuma, ingawa alisikia miguu ya Mamudo ikienda mbio mara huku, mara kule. Kesho yake jioni Mamudo alifika uani akihema: Hamido amekubali, kwa heshima tu ya umri wake. Saquina akashukuru. Ila alikuwa amesikia Hamido akimwita Mamudo "shemeji", na alijua vizuri kwamba hakuna aliyeoa kwa mwenzake.

Gari la Olumbi lilikuwa pikapu ya mzee Bernardino. Wazazi wake walishuka kutoka nyanda za juu zamani, akabaki pwani akilima mihogo na mikorosho. Pikapu ilikuwa ya bluu iliyochoka, na mlango mmoja mweupe uliotoka kwenye gari jingine. Alikuwa akiiuza kwa sababu macho yake yalikuwa yakiingia ukungu.

"Kabla hujauliza, mama," alimwambia Saquina siku walipokwenda kuiona, "inadondosha oili. Kidogo, lakini inadondosha. Kila Ijumaa uchomoe kijiti uangalie. Asubuhi nyingine stata inagoma mpaka uigonge na spana, hapa chini, mara mbili. Na taa ya kushoto inatazama juu kama inaomba dua."

"Na rejeta?" Nélia akauliza.

"Hiyo ina ujana kuliko mimi. Breki nilibadilisha mwezi uliopita."

"Umebadilisha breki za gari unaloliuza?"

"Sasa, binti yangu, nani atakuwa ndani yake?"

Wajukuu wa jirani walipotaka kupanda nyuma, Bernardino alitafuta jiwe kwanza akaliegesha kwenye gurudumu, ndipo akawaruhusu. Saquina aliliona lile jiwe. Alipenda mtu anayekumbuka jiwe. Lakini wakati wa kurudi alijiambia kwa ukali kwamba jiwe la Bernardino haliwashi injini, na kwamba Zuleica hatapakiwa kwenye wema wa mtu. Pikapu itapimwa kama lile jingine, na ikishindwa imeshindwa.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumatano. Gari la rangi ya fedha lilitangulia. Saquina alilala nyuma kwenye kiti kilichokunjuliwa, kichwa juu ya kifurushi cha nguo, Hamido mbele pamoja na Nélia, Mamudo akiwafuata kwa pikipiki. Ilikuwa raha. Ubaridi ulimpuliza miguuni, na mashimo ya barabara alihadithiwa tu, hakuyahisi. Walipofika bondeni akasema, "Zima."

Nélia akazima. Saquina akatoa tasbihi yake akaizungusha mara tatu bila kuharakisha. Hakuwa amesimama pale tangu siku ile. Na siku ile si yeye aliyelala. Dirishani aliona kipande cha saruji kilichotokeza, na majani marefu, na hakutaka kuona zaidi.

"Washa."

Likawaka kabla hata Nélia hajamaliza kuuzungusha ufunguo. Mamudo akapiga makofi juu ya pikipiki yake.

Mchana ilikuwa zamu ya pikapu. Nyuma hapakuwa na paa. Walitandika godoro, na Bernardino akavua shati lake la juu akalitundika kwenye fimbo ili jua lisimpige usoni. Saquina aliijua barabara yote kwa mgongo wake. Walipofika bondeni akagonga bati, Nélia akazima, tasbihi ikazunguka mara tatu.

"Washa."

Tak.

Nélia akajaribu tena. Tak. Hakuna kingine.

Mamudo, aliyewafuata tena kwa pikipiki, alicheka kicheko cha kusikika ng'ambo ya Rovuma. Saquina alibaki amelala, moyo umemshuka mpaka kwenye godoro. Sauti ile aliijua. Pikipiki ilisema hivyo hivyo.

Bernardino akateremka bila haraka, akatoa spana chini ya kiti, akainama, akagonga mara mbili, Nélia akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

Nélia akazima tena. "Nionyeshe mahali penyewe," akamwambia. Akateremka, akaingia mvunguni na gauni lake, akatoka na mchanga kichwani, na safari hii akagonga yeye, Bernardino akazungusha ufunguo. Ikawaka. "Pronto, tayari," akasema. "Nimepajua."

Lakini walipoingia Quionga, Mamudo alikuwa ameshatangulia na habari, na hata mmoja wa wanawake wa kikundi akasema, "Bibi, tusije tukanunua punda wa kuchapwa." Watu wakacheka. Saquina naye akacheka kidogo, maana lilikuwa neno zuri, ingawa lilimuuma.

Baada ya alasiri alitandaza majivu. Alikuwa ameyachekecha siku mbili, debe zima, laini kama unga wa muhogo. Aliyamwaga mahali pawili uani, upana wa gari, akayasawazisha kwa ubapa wa kuti. Nélia akayaingiza magari juu yake, moja huku, moja kule, Saquina akafunga funguo zote kwenye pindo la kanga. Hamido akaenda kulala kwa Mamudo. Bernardino alipewa chumba kwa Nélia. Kabla ya kwenda aliomba ufagio, akafagia udongo ambao matairi yake yaliuingiza uani.

Asubuhi ua ulijaa watu. Wanawake wote kumi na wanane walikuja, na wanaume ambao walisema walikuwa wakipita tu.

Chini ya pikapu palikuwa na madoa matatu meusi, kila moja kama kifungo cha koti. Chini ya gari la rangi ya fedha hapakuwa na kitu. Majivu yalikuwa safi, sawa, hayana hata punje.

"Haya!" Mamudo akapaza sauti, mikono juu. "Nani alitaka majivu? Majivu si hayo! Dada, ulisema majivu husema kweli. Yamesema. Au sasa tutafute unga?"

Watu wakamtazama Saquina. Zuleica alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono juu ya tumbo, naye akimtazama. Saquina akahisi haya zikimpanda usoni. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, na majivu yalikuwa yamejibu. Pikapu iligoma pale pale bondeni, na sasa inavuja. Angewaambia nini, kwamba alipenda jiwe?

Alichuchumaa kuyaangalia kwa karibu, magoti yakilia. Na alipochuchumaa aliona nyayo za kuku.

Kuku wake wanne huteremka alfajiri na kuzunguka ua wote. Nyayo zao zilikuwa chini ya pikapu, zimekwenda, zimerudi, moja imekanyaga oili na kuipeleka mpaka jikoni. Chini ya gari la rangi ya fedha hapakuwa na hata ukucha. Saquina akanyoosha mkono akachota majivu ya huku, akayasugua kwa kidole gumba. Akaenda chini ya pikapu akachota ya kule, akayasugua. Akarudi.

"Mamudo," akasema, "mkeo ameoka mikate leo?"

"Anaoka kila siku, utafikiri humjui."

"Tanuri lake analiwasha kwa kuni gani siku hizi?"

"Mkoko," akajibu Mamudo kwa majivuno, kwa sababu mikate ya mkewe ina jina mpaka Palma. "Mkoko mtupu. Ndiyo maana inaiva vizuri."

"Mimi sina mkoko. Hapa kwangu napikia makumbi ya nazi, tangu nikiwa mwari."

Alikuwa na majivu mikononi, kiganja hiki na kiganja hiki. Akamwendea mwanamke wa kwanza. Yule mwanamke akachukua kidogo huku, kidogo kule, akasugua, akatazama juu. Akampa wa pili. Majivu ya makumbi ni mepesi, ya kijivu, yananata kidoleni kama kwamba yana mafuta. Ya mkoko ni meupe, mazito, na yana chenga zinazokwaruza. Mwanamke ambaye amezoa jiko kila asubuhi tangu utotoni haulizi ni yapi. Walipofika kwa wa saba au wa nane mmoja wao akaanza kucheka, na kicheko kikapita kwa wote.

"Mnacheka nini?" Mamudo akasema. "Majivu ni majivu!"

"Haya, mmemsikia asiyewahi kuwasha jiko!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Shemeji," Hamido akamwambia Mamudo kwa hasira, na lile neno lilisikika uani kote. Kisha akamgeukia Saquina. "Lete ufunguo wangu, bibi. Mimi ni mtu wa kazi. Sikuja hapa kufanyiwa ngoma ya wanawake."

"Tulikubaliana mpaka adhuhuri."

"Nitaita polisi."

"Waite. Uje nao mapema, wasikose kitu."

Akamwomba Nélia alisogeze gari mbele kidogo, wanawake wakazoa yale majivu meupe wakayatupa, wakamwaga mengine ya makumbi yaliyobaki kwenye debe. Gari likarudishwa juu yake. Saquina akaomba kigoda, akaketi mbele ya boneti, juani, ufunguo kwenye pindo, mikono magotini. Wakamwambia asogee kivulini. Alikataa. Hamido alizunguka ua, akatoka, akarudi, akavuta sigara. Mamudo alikaa ukingoni, akitazama viatu vyake. Zuleica akamletea bibi yake maji, na Bernardino akasimama nyuma ya kigoda kwa namna ambayo kivuli chake kilimwangukia Saquina kichwani. Alisimama hivyo hivyo hata jua lilipokuwa likisogea, naye akisogea nalo.

Saa nne ilipita, kisha saa tano. Kwenye saa sita kasoro, tone likaanguka.

Halikuwa jeusi. Lilikuwa la kijanikibichi, jembamba, likatoboa majivu kama mvua ya kwanza. Likafuata jingine. Baadaye yakawa yanakuja mawili mawili.

Nélia akafungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya rejeta, akautoa na kitu cheupe chenye utelezi. Akanusa. "Sabuni," akasema. "Ameziba ufa kwa sabuni ya kufulia na gundi. Jana ilikuwa mbichi imeshika. Leo inayeyuka."

"Lakini jana lilikwenda vizuri," Zuleica akasema kutoka mlangoni.

"Lingekwenda vizuri siku ya kwanza, mdogo wangu, pengine na ya pili. Ya tatu maji yanaisha njiani, injini inachemka. Linasimama linapotaka lenyewe. Na hilo huligongi na spana likawaka."

Hamido akafunga boneti kwa kishindo. "Gari lililotumika lina kasoro! Mnataka jipya, nendeni kiwandani!"

"Kweli lina kasoro," Saquina akasema, akiinuka. "La huyu lina kasoro tatu, na zote nimezisikia mdomoni mwake kabla sijaketi. Hili lako lina moja, na imebidi nikae juani nusu siku kuingoja." Akafungua pindo, akampa ufunguo kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. "Nenda salama. Lakini jaza maji kwanza. Kisima kile pale."

Hamido alijaza maji. Hakuwa na la kufanya.

Mamudo ndiye aliyebaki na neno. Aliona wanawake wanamzunguka Bernardino, na labda aibu ikamgeukia ghadhabu. "Mtaandikisha kwa jina la nani?" akauliza. "Livrete, kadi ya gari, inataka mtu. Inataka sahihi. Mmoja wenu hapa anajua hata kalamu inashikwa wapi? Mtakuja tu kunigongea mlango."

Saquina akamsogelea karibu sana, mpaka akawa anasema naye peke yake.

"Zuleica ni mjukuu wako pia," akamwambia. "Angelala mule ndani. Ulijua linavuja?"

"Hamido aliniambia ni tone tu, dada. Tone tu."

"Nawe ukaleta majivu ya kulifunika."

Saquina akamwacha pale pale, akaenda kwenye boneti ya pikapu, ambapo karatasi ya mauzo ilikuwa imewekwa. Alikuwa amesoma darasa la watu wazima miaka miwili, kabla ya vita, na herufi zake zilikuwa kubwa na zilikwenda kwa mwendo wake. Upepo ulikuwa ukiiinua karatasi. Bernardino akaibana pembe zote kwa viganja vyake, akatazama pembeni kama kwamba ana nafasi ya siku nzima, wala hakumwonyesha pa kuandika.

"Mtangoja," Saquina akawaambia wote. "Jina langu lina herufi saba."

Wakangoja. Alipomaliza ya mwisho, akairudia mkia wake ili uonekane vizuri.

Mvua zilikuja mapema. Asubuhi moja, kabla ya chai, Zuleica akashika nguzo ya mlango na kusema, "Bibi."

Pikapu ilikuwa tayari imeezekwa. Wanawake waliishonea paa la turubai, lile lile walilolala chini yake kambini walipokuwa wakimbizi, limekunjwa mara mbili ili lisivuje. Wakampakia Zuleica kwenye godoro. Nélia akazungusha ufunguo.

Tak.

Zuleica akafumba macho. Nélia alikuwa ameshateremka, spana mkononi, gauni kwenye matope. Ngo, ngo. Akarudi akazungusha. Injini ikanguruma, na mwanamke yule yule wa punda akapiga kigelegele kutoka barazani.

Saquina alikaa nyuma, kichwa cha Zuleica kwenye mapaja yake, kama siku ile. Maji yalipiga turubai. Alizihesabu pumzi za mjukuu wake badala ya mashimo. Walipokaribia bondeni, Nélia akaita dirishani: "Bibi, kuna makuti barabarani! Mtu ametandika makuti!"

Saquina akainua pembe ya turubai. Tope lote la pale penye kalvati lilikuwa limefunikwa kwa makuti mabichi, yamepangwa tabaka juu ya tabaka, matairi yapite bila kuteleza. Mashina yake yalikatwa mshazari kuelekea kulia, kama akatavyo mtu wa mkono wa kushoto. Katika ukoo wao mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja, Mamudo. Alikuwa amesimama kando kwenye majani, ameloa chapachapa, panga mkononi, uso ameuinamisha.

"Nipunguze mwendo?" Nélia akauliza.

"Usipunguze. Nenda!"

Pikapu ikapanda makuti, ikaserereka kidogo, ikashika, ikapanda tena. Walipompita, Saquina alitoa mkono wake nje kwenye mvua, ukaonekana mara moja, akaurudisha. Bado angemgombeza. Maneno yake alikuwa nayo tayari, na ya kutosha mwaka mzima. Lakini mkono aliutoa.

"Bibi," Zuleica akasema, macho bado ameyafumba, vidole vimemng'ang'ania kanga. "Tumefika pale?"

"Pale wapi?" Saquina akasema. "Pale tumeshapita."